Namba Niliyoifuta kwa Grinda

Siku yangu ya kwanza kazini, Foreman alinipatia grinda, ile mashine ya umeme ya kusaga chuma, kabla hajaniuliza jina. Ilikuwa yadi ya kunyoosha bodi za magari huko nyuma ya Gikomba, na mimi nilikuwa nimetoka Ziwani kwa miguu, shati nimepiga pasi kama mtu anaenda ofisi. Akaniangalia juu mpaka chini, akacheka.

"Hapa hatuulizi gari maswali," akasema. "Unapiga grinda mpaka chuma, unajaza fila, unasugua, unapiga rangi. Mwenye gari akiuliza, mwambie iko kama mpya."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Fila ni ule ujiuji tunajaza kwa bodi penye imebonyea. Inakauka haraka na inafunika dhambi nyingi. Mengine nilijifunza kwa simu, naangalia video za mafundi wa mbali mpaka bando inaisha, halafu kesho yake najaribu kwa mlango wa gari ya mtu. Nilikaa hapo mwaka na nusu. Siku moja mteja akagonga mlango wa gari yake kwa kidole, akauliza mbona unalia kama ndoo ya plastiki, na mimi nikamwambia ukweli: hapo kuna fila kushinda chuma. Foreman alinifukuza kabla mteja hajatoka geti.

Ndiyo nikafika kwa Mzee Mutiso, Shauri Moyo. Vijana wenye mnaanza hii kazi sasa hamkumjua. Baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago, yeye akachukua brashi badala ya patasi. Aliandika majina ya maduka, malori, mabango ya makanisa, yote kwa mkono, bila kuchora penseli kwanza. Uzeeni akaingia kazi ya kurudisha pikipiki za zamani vile zilikuwa. Nilimkuta ameketi kwa kigoda, anachana nywele za brashi na kitana kidogo.

"Unaweza kukaa kimya?" akaniuliza.

"Siwezi, Mzee."

"Angalau hujanidanganya. Ingia."

Nilikaa na yeye miaka tisa. Kitu cha kwanza alinifunza ni dirisha. Ikija pikipiki ya zamani, hugusi grinda. Unachukua msasa laini, ule wa kusugua na maji, unafungua mahali padogo kama kiberiti. Unasugua polepole, rangi ya juu inatoka, ya chini inaonekana, unasimama. Unasugua tena, unasimama. Mwishowe unabaki na duara ndani ya duara, kila rangi na umri wake, kama mti uliokatwa. "Hiyo ndiyo kusoma," Mzee alikuwa anasema. "Grinda haijui kusoma."

Kitu nataka kuwaambia ni vile mimi, na nilijua hayo yote, niliharibu kazi yake ya mwisho.

Pikipiki ililetwa na Mama Ndinda, mwalimu mstaafu wa Machakos, kwa pickup, imefungwa kamba kama mbuzi. Ilikuwa ya jeshi, ya wakati wa vita kuu ya pili, silinda moja, nzito, imepakwa rangi nyekundu ya geti. Baba yake alikuwa tarishi wa jeshi, yaani askari wa kupeleka barua na amri kwa pikipiki. Vita ikiisha, mzungu mmoja wa shamba akanunua hiyo mashine kwa mnada, na baba akaenda kufanya kazi kwa huyo mzungu, si kwa sababu ya mshahara, ni kwa sababu aliiona pale imesimama na akaijua. Mzungu alipoondoka, akamwachia.

"Ndugu zangu wanasema ni hadithi," Mama Ndinda akasema. "Ati baba aliokota chuma akatunga maneno. Nataka irudi vile ilikuwa siku za vita. Rangi ile ile, namba ile ile. Siku ya kumbukumbu yake nitaisimamisha mbele ya kanisa, wakuje waseme tena."

Akatoa picha ndani ya Biblia. Kijana wa helmeti, ameketi juu ya hiyo pikipiki, anaangalia kamera kama inamdai jibu. Imepigwa upande wa kushoto. Ubavuni mwa tangi kulikuwa na namba nyeupe, lakini picha ilikuwa ndogo na imefifia. Ungeona kuna herufi C na alama zinafuata, husomi. Mwisho wa hiyo namba hata hauonekani. Goti lake limefunika.

Mzee akazunguka tangi akigonga na ukucha. Kulia kulikuwa kumekatwa na kuchomelewa bati ingine zamani, hakuna kitu. Akashika kushoto.

"Hapa chini iko," akasema. "Nitaisoma. Mimi mwenyewe. Wafula, huu upande usiguswe."

"Sawa, Mzee."

"Na hii ikitoka, mimi pia natoka. Macho na mikono zimechoka. Nataka nimalize na kitu safi."

Rangi ndiyo ilianza kutusumbua. Watu wanafikiri rangi ya jeshi ni kijani tu. Mzee alifungua kifuniko cha sanduku la spana, ndani kabisa penye brashi ya geti haikufika, na hapo tukaipata: si kijani, si kahawia, ni kama kinyesi cha ng'ombe kikianza kukauka. Isiyong'aa hata kidogo, kwa sababu kitu kinang'aa kinaonekana na ndege. Alichanganya siku nne. Anapaka kwa bati, anapeleka kwa jua, anarudi, anatingisha kichwa. Na nikaona kile sikutaka kuona. Kijiti cha kuchanganyia kilikuwa kinagonga mkebe, tik tik tik, na yeye hajui.

Oti, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, pia aliona. Oti ni rafiki yangu, lakini mdomo wake ni kama wangu, hauna kufuli. Alhamisi moja Mzee alikuwa ameenda kliniki, siku ya kumbukumbu imebaki wiki mbili na siku kadhaa, Oti akaja na chai yake.

"Buda, hiyo tangi bado nyekundu? Huyo mzee wenu ameisha. Ataandika namba na hiyo mkono inacheza ngoma ya isukuti?"

"Chunga mdomo, Oti."

"Nachunga nini? Mwambie yule mama apeleke kwa watu wenye nguvu. Hapa mnamngoja mgonjwa."

Sijui niwaambie aje. Damu ilipanda mpaka masikio yakaziba. Mtu akimgusa Mzee mbele yangu amenigusa mimi na mama yangu. Nilitaka Oti aone hiyo kazi inatembea, sasa hivi, Mzee akiwepo au asipokuwepo. Nikashika grinda ya Oti mwenyewe, ilikuwa hapo kwa meza, nikaiwasha, nikaweka kwa tangi. Nilianzia nyuma, karibu na kiti. Upande wa kushoto.

Vumbi nyekundu. Vumbi ya bluu. Halafu kidogo, kama unga kwa hewa, nyeupe.

Nilizima. Grinda haisimami papo hapo, inazunguka kwanza, inalia ikishuka, na mimi nikiinua mkono nilikuwa najua tayari. Hapo nyuma chuma kilikuwa kinang'aa kama kijiko.

Oti akasema pole pole, "Wafula. Si alisema hapo pasiguswe?"

Nilichukua msasa na maji, nikafungua mbele kidogo kidogo. C. Nne. Tisa. Tatu. Sifuri. Sita. Halafu mkia wa kitu, halafu chuma. Kwa nafasi, vile Mzee alikuja kupima baadaye, zilikuwa namba mbili. Na macho yangu yalikuwa yameziona! Zilipita mbele yangu zikiwa vumbi. Hata leo nikifunga macho nazitafuta.

Mzee alirudi saa tisa. Nilikuwa nimefunika tangi na gunia. "Umefikia wapi?" "Nasafisha mota, Mzee." Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Ijumaa akataka kufungua dirisha lake, nikamwambia nimepaka dawa ya kulainisha rangi, ingoje. Jumamosi nikasema jua ni kali. Jumatatu nikasema kuna unyevu. Sahani nilikuwa nairudisha jikoni imejaa. Mama yangu akaniuliza kama nimempa msichana wa watu mimba.

Oti alikuwa na dawa yake. "Weka saba na moja. Nani atajua? Aliyejua amezikwa."

Na nilifikiria, sitawaficha. Niliandika saba na moja kwa kipande cha bati, kwa mwandiko wa ile namba, nne yake imefunguka juu, sita yake ina tumbo. Ilitoka safi sana. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Kumbe kudanganya ningeweza vizuri hivyo.

Jumanne asubuhi Mzee alinikuta nimeketi kwa kigoda chake, gunia nimetoa. Akaangalia tangi. Akainama, akaweka shavu karibu na chuma, akaangalia kwa upande.

"Lini?"

"Alhamisi ya kliniki."

"Kwa nini?"

"Oti alisema umeisha. Alitukana mkono yako."

"Na mimi nilikutuma unitetee?"

"Hapana, Mzee."

"Siku ingine ukitaka kunitetea, kaa kitako unywe chai."

Tulijaribu kila kitu. Wakati mwingine rangi ya namba hukinga chuma chini yake, kinabaki laini pale maneno yalikuwa, na ukipaka mafuta taa ukaangalia na jua la asubuhi likiwa chini, kivuli kinatokea. Siku tatu tulibeba hiyo tangi nje kama mtoto mchanga, tukaigeuza kwa jua. Mzee na miwani mbili, moja juu ya ingine. Hakuna. Nilikuwa nimefika chini sana.

"Basi tuandike zozote," nikasema. Nilikuwa nimechoka kuogopa. "Ni jina lako, Mzee. Hii ndiyo ya mwisho."

Akanikasirikia kama hajawahi. "Nimeandika bango za hoteli 'nyama choma' na ndani wanapika maharagwe. Hiyo ni biashara. Hii si bango! Ndugu zake wanasema baba ni mwongo. Sasa unataka nimwandikie uongo kwa ubavu?"

Aliandika siku mbili kabla ya kumbukumbu. Mimi nilishika kiwiko chake kutoka chini, hivyo tu, kiganja changu kama meza. Alingoja mkono utulie, akavuta mstari, akainua, akangoja. C, nne, tisa, tatu, sifuri, sita. Halafu akaosha brashi. Pale nyuma aliacha rangi ya jeshi tupu, nafasi ya namba mbili kamili.

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi nitasimama hapa karibu."

Mama Ndinda alikuja na kitenge na viatu vya kanisa. Aliona pikipiki nje kwa jua, akashika mdomo. Nilimwambia yote kabla hajafurahi sana: grinda, hasira, uongo wa siku tano. Sikumtaja Oti, na Oti alikuwa hapo mlangoni, kofia mkononi. Nikamwambia Mzee hana kosa, ni mimi.

Kwa barabara kulikuwa na mtu anauza mahindi kwa spika, nikatamani kumrukia.

"Ndugu zangu wataona hiyo nafasi," akasema mwishowe. "Watacheka."

"Najua, mama."

Akafungua Biblia, akatoa ile picha. Akaangalia picha, akaangalia tangi. Tena picha. Akasogea hatua tatu nyuma, upande wa kushoto.

"Wewe. Panda."

"Mimi?"

"Si ni wewe ulifuta? Panda!"

Nikapanda. Kiti kilikuwa chini, nikabana tangi na magoti vile hiyo mashine inataka. Akainua picha mbele ya uso kwa mkono ulionyooka, akafunga jicho moja. Goti langu lilikuwa limeketi pale pale penye nafasi. Mbele yake, C, nne, tisa, tatu, sifuri, sita.

Nikataka kushuka nimwombe msamaha vizuri.

"Usishuke," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaa hapo kidogo."

Siku ya kumbukumbu Mama Ndinda alinifanya nikae juu ya pikipiki mlangoni mwa kanisa, na helmeti ya kuazima, tangu kengele mpaka mahubiri. Kaka yake mkubwa alikuja na ile picha mkononi, akalinganisha, akapita. Hakucheka. Mchana, wakati wa chakula, nikaona amerudi peke yake. Pikipiki ilikuwa imesimama bila mtu. Akaweka kiganja pale penye hakuna kitu.

Mzee Mutiso alifunga duka wiki hiyo, akarudi kwao. Sasa niko na kibanda changu Njiru, na Oti anachomelea upande wa pili wa mabati. Grinda yake anaifungia kwa sanduku, ufunguo anao yeye. Nilimwomba. Mzee hupiga simu Jumapili baada ya kanisa, hasalimii, anauliza tu nimefungua madirisha mangapi wiki hii. Nikimwambia, anachukua chai yake, na kwa simu nasikia kijiko kinagonga kikombe, tik tik tik. Siku hizi sisemi kitu. Namngoja amalize chai.