Onyo Kwenye Mstari wa Tisa

Pale ofisi ya maji walimwita Bi Nukta, naye hakulikataa. Jina alipewa na makarani wenzake wiki ya kwanza tu, walipomwona akichukua tangazo la mistari kumi na minne isiyo na pa kupumulia, akalichambua kama mtu anayechambua mchele, nukta hapa, nafasi pale, mpaka likasomeka. "Huyu mama na nukta zake!" wakasema, na jina likaganda.

Kabla ya hapo alikuwa amefundisha kisomo cha watu wazima miaka kumi na mmoja, kwenye chumba chenye madawati ya watoto, wanafunzi wake wakikaa magoti yamewafika kidevuni. Huko ndiko alikojifunza kwamba mtu aliyejua kusoma juzi huivuka sentensi kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jiwe likiwa mbali, anatumbukia. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa mama yake mzazi, aliyeanza herufi akiwa na miaka hamsini na tisa, akagoma kupendelewa, na siku moja akafukuzwa darasani kwa kuongea sana.

Darasa lilipofungwa, Bi Nukta akapata nafasi chumba cha mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya picha katika kurasa za ofisi huko mitandaoni. Watu waliidharau. "Maneno mawili chini ya picha, nayo ni kazi?" Yeye aliwaacha waseme. Alijua kuwa simu huonyesha mistari miwili ya mwanzo tu, kisha kinafuata kineno cha kijivu, "zaidi", na wengi hawakibonyezi. Basi jambo lenyewe alilitanguliza. Sentensi akazifupisha. Kati ya wazo na wazo akaacha mstari mtupu, macho yapumzike. Alama za reli (#) hazikuzidi mbili, tena mwishoni. Vikatuni vya simu hakuvipenda; akilazimika, aliweka tone moja la maji, basi. Kila alipomaliza alijisomea kwa sauti, polepole, kidole kwenye kioo, vile mama yake angesoma.

Maana mama yake alisoma kila kitu. Bibi yule alikaa ng'ambo ya pili ya mji, upande wa mashariki, simu yake ina ufa katikati, na kila posti ya ofisi ya maji aliiwekea moyo, hata ya kukatika kwa maji. "Hayo ni maneno ya mwanangu," aliwaambia majirani.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mtaalamu wa maabara alimpigia simu.

"Bi Nukta, bomba kubwa la upande wa mashariki limepasuka, maji machafu yameingia. Nimepima mara mbili. Watu wasinywe bila kuchemsha mpaka Ijumaa. Tangazo liende sasa hivi."

Aliandika kwa dakika nne.

*MAJI YA BOMBA YASINYWE BILA KUCHEMSHWA.*

*Ni mitaa yote ya mashariki. Kuanzia leo mpaka Ijumaa.*

*Yachemshe mpaka yatokote. Hata ya kupigia mswaki. Hata ya kuoshea matunda.*

*Mwambie jirani asiyekuwa na simu.*

Akamtumia mkuu wa mawasiliano kwa barua pepe ili aidhinishe, nakala kwa maabara, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Mkuu akatokea mwenyewe mlangoni, manukato yakimtangulia.

"Mama, hii ni ya kuua watu kwa presha," alisema akivuta kiti. "Halafu umesahau leo ni siku gani? Mkurugenzi kapokea cheti cha huduma bora. Picha ninayo hapa."

"Cheti kinaweza kungoja, bosi. Maji hayangoji."

"Nani kasema kingoje? Tunaviweka pamoja. Watu wakipenda picha, ujumbe unafika mbali. Huo ndio mvuto. Sogea kidogo."

Akaandika yeye, amesimama, vidole viwili. Alianza na hongera na nyota tatu. Zikafuata sifa za mkurugenzi, kamati ya tuzo, mikono inayopiga makofi, na shukrani kwa wadau, yote yameshonana bila nafasi hata moja. Kwenye mstari wa tisa, katikati ya sentensi, yakaja maneno haya: "aidha wateja wa baadhi ya maeneo wanashauriwa kuzingatia uchemshaji kutokana na marekebisho madogo". Chini akamwaga alama za reli ishirini na mbili. Bi Nukta alizihesabu.

"Bosi, hapa hakuna atakayefika. Watu wanaishia kwenye nyota."

"Tumewaambia au hatujawaambia?"

"Tumewaficha."

"Tumewaambia," mkuu alisema, na tabasamu likamkauka. "Asiyesoma mpaka mwisho ni shauri yake. Bonyeza."

Naye akabonyeza. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote. Kidole kilikuwa chake.

Mpaka mchana picha ilikuwa imependwa mara elfu mbili. Mkuu alipita meza hadi meza akionyesha simu. Hongera zilimiminika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kuchemsha. Katikati ya mioyo ile Bi Nukta aliuona mmoja wenye jina la mama yake, na moyo wake mwenyewe ukapiga pu! Alimpigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akajiambia mama yuko uani, akajiambia mama huchemsha maji siku zote. Hakuwa na hakika. Akapiga tena jioni. Mama akapokea, akasema anajisikia vizuri, ila tumbo linamkoroga kidogo, pengine ni embe.

"Mama, umekunywa maji ya bomba?"

"Nimekunywa, kwani mengine ni yapi?"

Kesho yake asubuhi jirani ndiye aliyepiga. Bibi amekimbizwa hospitali.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umejaa. Watu walikaa sakafuni wameegemea ukuta, watoto wamelegea kama vitambaa vilivyoloa, ndoo kila baada ya hatua mbili. Muuguzi alipita kati yao akiinua miguu. Mama yake alipatikana kitanda cha pembeni, wawili kwa kitanda kimoja, dripu mkononi, midomo imepasuka. Alikuwa amepungua kwa siku moja kiasi kwamba bintiye alisimama mlangoni kwanza kuhakikisha ni yeye.

"Usininunie," bibi alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Nilisoma, mwanangu. Wallahi nilisoma. Nilisoma mpaka pale maneno yanapokatika. Mtu mwenye suti ana karatasi, mmempongeza, nami nikampongeza. Sikujua kama chini kuna kitu. Ni uvivu wangu."

"Si uvivu wako, mama."

"Ulinifundisha mtu asome mpaka nukta."

Nukta haikuwepo. Katika maneno yote yale ya mkuu, nukta ya kwanza ilikuwa mwisho kabisa, baada ya alama za reli. Bi Nukta alikuwa mtu wa hasira za kawaida, za foleni na za chumvi kuzidi. Hii ya leo haikuwa ya jamii hiyo.

Akatoka ukumbini, akasimama kando ya tangi la maji ambalo muuguzi alikuwa amelibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USINYWE. Neno moja. Aliyeliandika hakuhitaji mkuu wa mawasiliano.

Neno la siri la ukurasa alikuwa nalo. Akaifuta ile posti, nyota na makofi na mapenzi yake elfu mbili. Picha hakuweka. Akaandika upya yale yale ya Jumanne, ila mstari wa kwanza akaubadilisha: *WATU WANAUGUA. USINYWE MAJI YA BOMBA BILA KUCHEMSHA.* Akaongeza mstari mmoja kwamba tangazo la jana lilificha onyo hili, na kwamba ofisi ilijua tangu Jumanne saa tatu asubuhi. Hakumtumia mtu aidhinishe. Akabonyeza, na safari hii kidole hakikusita.

Nusu saa baadaye mkuu akapiga.

"Umechanganyikiwa? Umefuta posti ya mkurugenzi?"

"Nimeifuta."

"Kwa idhini ya nani?"

"Njoo hospitali uniulize hilo swali mbele ya hawa watu. Njoo na cheti chako."

"Chunga mdomo wako, mama. Kazi utaitafuta."

"Nami nakutafutia pa kukaa hapa sakafuni. Pamebaki kidogo." Akakata simu.

Posti ile ilisambaa kuliko cheti. Watu waliituma kwa shangazi zao na wapangaji wao, mwalimu mmoja akainakili ubaoni. Ijumaa ilipofika, muuguzi alisema wagonjwa wapya wamepungua. Jumla walikuwa wamelazwa sitini na wawili. Kwa bahati hakufa mtu, ingawa mtoto mmoja wa miaka miwili alikaa siku tisa.

Jumatatu aliitwa chumba cha mikutano. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza, mkuu wa mawasiliano kulia kwake, na mbele ya kiti kitupu kulikuwa na barua. Bi Nukta akaisoma amesimama. Ilisema kuwa taharuki iliyotokea ilisababishwa na "kosa la upangaji wa maandishi lililofanywa na mwandishi", na kwamba mwandishi anakiri na kuomba radhi. Pa kutia sahihi palikuwa pametiwa alama ya penseli.

"Ni jambo la kuyamaliza tu," alisema mkurugenzi. "Ukishasaini, unabaki na kazi yako."

"Upangaji wa maandishi," Bi Nukta alirudia. Sauti yake ilikuwa chini, na walio karibu walisema baadaye kwamba heri angepiga kelele. "Mheshimiwa, mimi kupanga maandishi ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Nimewapangia watu waliokuwa hawajui A. Mama yangu kajifunza kusoma utu uzima, akasoma mlichoandika, akawawekea moyo, akanywa sumu. Na bado anadhani kosa ni lake! Sasa mnataka kosa liwe langu. Je, la kwenu ni lipi?"

"Hakuna aliyesema sumu," mkuu aliingilia.

"Wewe nyamaza, hujaulizwa."

Hapo mtaalamu wa maabara, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza bila kuangaliwa na mtu, akafungua jalada. Alikuwa amechapa ile barua pepe ya Jumanne. Saa tatu na dakika kumi na nne, maandishi ya Bi Nukta yote, mistari yake na nafasi zake. Akaisukuma mpaka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akaisoma. Haikumchukua hata nusu dakika, maana ilikuwa imeandikwa isomwe na mtu yeyote. Kisha akaivuta ile barua ya kukiri, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Radhi hakuombwa. Ila wiki ile ilitoka amri kwamba tangazo la hatari litoke maabara moja kwa moja kwa mwandishi, lisipitie mkono mwingine, wala lisiwekwe na picha ya kiongozi yeyote. Mkuu wa mawasiliano alibaki na cheo chake na kiti chake kinachozunguka. Hilo Bi Nukta alilimeza kama anayemeza mfupa.

Baada ya mwezi mkuu akamfuata mezani, mkono ameunyoosha, makarani wote wakiangalia.

"Dada yangu, tusiwekeane vinyongo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Bi Nukta aliutazama ule mkono, akauacha hewani.

"Yaliyopita ni ndwele," akasema. "Ni ndwele za watu sitini na wawili, na majina yao yako hospitali. Kawasalimie wao kwanza."

Mkuu akacheka kidogo, akageuka kutafuta atakayecheka naye. Karani mmoja akashika kalamu, mwingine akainamia droo. Bi Nukta akarudi kwenye kioo chake. Kulikuwa na tangazo la kusafisha matangi mitaa ya kusini, na mtu wa maabara alikuwa amelileta likiwa refu mno. Akaanza kulikata, meno ameyauma.