Mkanda wa Kulia

Mkanda wa begi la Nesi ulikatika kwa mara ya nne wakiwa kwenye foleni ya basi, saa mbili asubuhi, injini ikiwa imeshawashwa na tiketi zote tatu zimo mkononi mwa Mkutubi. Haukukatika kwa kishindo. Nyuzi ziliachiana moja baada ya nyingine, pale mkanda wa bega la kulia unapoungana na turubai, hadi begi likaning'inia upande kama mlango uliong'oka bawaba.

"Haya, fundi wetu," alisema Mkutubi, akilidaka begi kabla halijagusa ardhi. "Mteja mwingine angekuwa ameshakutangaza mji mzima."

"Mji gani?" aliuliza Nesi. "Huu hata jina lake hatujaweza kulitamka."

Walicheka wawili. Wa tatu, ambaye ndiye aliyelishona begi hilo, alikuwa ameinama akiupapasa mpasuko kwa ncha ya kidole, na utani ule ulimpita. Basi likaondoka bila wao. Wakarudi kwenye nyumba ya wageni waliyoiaga nusu saa kabla, wakapewa chumba kile kile, mashuka yakiwa bado hayajabadilishwa.

Huyo wa tatu waliyemwita Bi Turubai alikuwa na miaka hamsini na miwili, na jina hilo alilipata chuoni, miaka thelathini nyuma, alipolikata turubai kuukuu la lori na kuwashonea wenzake wawili wa bwenini mabegi ya mgongoni kwa sindano ya kuazima. Mabegi yalikuwa mabaya, lakini yalibeba ahadi. Usiku wa kumaliza mitihani watatu hao waliandika kwenye karatasi kwamba siku moja wataizunguka dunia mwaka mzima, mizigo yao migongoni, kabla magoti hayajawasaliti. Mkutubi, ambaye hata wakati ule alipenda kanuni, aliongeza mstari wa mwisho: *Watatu, au hakuna.* Wote wakatia saini.

Kisha maisha yakawachukua kila mmoja kwa upande wake. Mmoja aliingia wodi ya wanaume akatokea miaka ishirini na minane baadaye akiwa mstaafu. Mwingine alizama katika maktaba ya serikali na kadi zake. Bi Turubai alisoma historia, akatafuta kazi ya historia miaka miwili, kisha akakodi chumba kimoja, akaweka cherehani mbili nzito na kuanza kushona mahema na mabegi. Shahada yake aliitundika karakanani, juu ya makopo ya nta, na kila mara mteja alipoitazama yeye alijikuta akitazama chini. Hakuwahi kuwa na hakika kama alikuwa msomi aliyeshindwa au fundi aliyefanikiwa. Mumewe alimwambia kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili na bado akala akashiba. Jibu hilo lilimtuliza siku moja moja.

Katika kazi alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Hakukata kitambaa kabla ya kumpima mtu mgongo, kuanzia kile kifupa cha nyuma ya shingo hadi juu ya nyonga, na upana wa bega hadi bega. Wateja wenye haraka aliwarudisha. "Begi ni kiatu cha mgongo," aliwaambia. "La mwenzio litakuumiza hata likiwa zuri."

Na sheria hiyo ndiyo aliyoivunja kwa watu wawili aliowapenda kuliko wateja wote. Safari ilipopangwa hatimaye, alitaka kuwashtukiza kwa furaha. Alikuwa bado na daftari la chuoni lenye vipimo vyao. Nani humpima ndugu yake? Alishona mabegi kwa siri kutoka kwenye daftari lile, akiongeza kidogo kiunoni, kwa maana umri ni umri. Alipowakabidhi, Mkutubi alipiga vigelegele na Nesi akalia. Hakuna aliyeuliza lolote.

Sasa, miezi mitatu na miji kumi na saba baadaye, alikaa kando ya dirisha la chumba cha kukodi, begi la Nesi mapajani, na kuanza kufumua mshono aliokwisha kuushona mara tatu. Mara ya kwanza alilaumu uzi. Mara ya pili alilaumu turubai. Mara ya tatu alilaumu macho yake, akanunua miwani mingine. Nesi alikuwa uani akifua, na Mkutubi alikuwa amekwenda kituoni kubadilisha tiketi, kwa kuwa ratiba yake ya miji arobaini na mitatu haikuwa na nafasi ya mkanda kukatika.

Bi Turubai alisita. Kwa mara ya kwanza aliyaweka mabegi matatu sakafuni, moja kando ya jingine, akayatazama kama alivyokuwa akiyatazama yale yaliyoletwa karakanani kutengenezwa. Hapo alikuwa bingwa. Begi lililotumika lilimsimulia habari za mwenyewe: huyu hubeba kwa mkono, huyu hulikalia stendi, huyu humbeba mtoto kifuani na mzigo mgongoni. Alibonyeza sponji ya mkanda wa kulia wa begi la Nesi. Ilikuwa imelala bapa kama karatasi. Alibonyeza ya kushoto. Iliinuka chini ya kidole gumba, nene na changa, kama siku ilipotoka kwenye cherehani. Hata bizimu ya upande huo, kile chuma cha kukazia mkanda, ilikuwa bado inang'aa. Miezi mitatu, bega la kushoto halikubeba kitu.

Alikaa kitandani.

Mambo madogo yakaanza kujipanga yenyewe. Nesi hakuwahi kulinyanyua begi kutoka chini. Alilitafutia meza, akaligeuzia mgongo, akaliingia kinyumenyume. Kwenye ngazi aliwapisha wenzake, akisema anaangalia mandhari, hata pale ambapo mandhari ilikuwa ukuta. Alilala sakafuni, eti magodoro ya kigeni ni laini mno. Na vile vidonge alivyokuwa akimeza kila siku, eti vya mafua. Mafua gani yasiyo na kamasi?

Fundi yule alitambua kwamba tangu asubuhi alikuwa akifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya kazi: alikuwa akiomba kosa liwe lake. Uzi mbovu ungebadilishwa. Mgongo mbovu ulikuwa jambo jingine, kwa sababu karatasi ile ya chuoni ilisema watatu au hakuna, na Mkutubi hakuwahi kuvunja kanuni aliyoiandika mwenyewe. Wangerudi nyumbani wote. Na Nesi angerudi akijua kwamba ni yeye aliyewarudisha.

Basi akafanya kile mikono yake ilichokijua. Alikata kipande cha utepe mpana, akakikunja mara mbili, akaupaka uzi nta na kushona mkanda wa kulia kwa mishono minene iliyopishana, kazi ya kufungia mahema. Huu usingekatika mwaka huu wala ujao. Alipouvuta kwa nguvu zake zote kuujaribu, ukakataa hata kutoa mlio, na hapo ndipo aliposimamisha sindano. Mkanda ukigoma kukatika, basi kuna kitu kingine kitakachokatika.

Nesi aliingia na beseni la nguo, amelikumbatia kwa mkono mmoja ubavuni.

"Umemaliza? Mikono yako ina baraka, mwenzangu."

"Weka beseni chini."

"Nitaliweka mezani."

"Liweke chini," alirudia Bi Turubai kwa upole. "Hapo ulipo."

Nesi alitazama sakafu kama mtu anayetazama mto asiojua kina chake. Kisha akaliweka beseni mezani, akavuta kiti, akaketi ukingoni mwake.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Turubai.

"Mwaka wa pili sasa. Pingili mbili zimesogea. Ukiwageuza wanaume vitandani miaka ishirini na minane, kuna siku mmoja atakugeuza wewe." Alisema hivyo kwa sauti ya kazini, kana kwamba anasoma faili la mgonjwa mwingine. "Daktari alinipa kilo nne, si zaidi."

"Hili lina kilo kumi na moja."

"Najua. Mimi ndiye ninayelibeba."

Uani mtu alikuwa akipiga zulia kwa fimbo, pigo moja moja, bila haraka.

"Ningekupima," alisema Bi Turubai, "ningejua kabla ya kukata kitambaa. Bega lako la kushoto limeshuka kidole kizima na nusu. Nimekaa nalo meza moja, chumba kimoja, sikuliona. Nilikuwa nashona mgongo wa msichana wa miaka ishirini na mbili."

"Unafikiri kwa nini nililia siku ile uliponipa begi?"

"Si kwa furaha?"

"Nilimshukuru Mungu hukuja na tepu. Wiki tatu nilikuwa silali, nawaza huyu mwanamke atanipima." Nesi alicheka kidogo, kisha akashika kiuno. "Shona tu, dada. Imebaki miezi tisa. Nimesubiri miaka thelathini, siwezi kurudi kukaa kibarazani nikawahesabu wapita njia. Shona, na unyamaze."

Bi Turubai alitamani kuitika. Ilikuwa rahisi kuitika. Badala yake alilichukua begi, akaupitisha wembe chini ya mishono yake mipya, na kuikata yote.

Mkutubi aliwakuta hivyo, mmoja ukingoni mwa kiti, mwingine na begi lililopasuka magotini. Alikuwa na tiketi mpya na habari za dereva mkaidi, lakini habari hizo alizimeza mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," alisema Nesi. "Bado." Na kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuficha tena, alieleza mwenyewe, kwa sentensi tatu.

Mkutubi alikaa. Alivua kiatu kimoja, akakisahau kingine.

"Mficha uchi hazai," alisema hatimaye. "Maneno hayo nimeyasikia kwako, ukiwaambia wagonjwa wanaoficha vidonda. Nesi mzima, unameza vidonge mbele yangu unaniambia mafua. Na mimi nakupa limau."

"Limau lilisaidia."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Kisha jambo fulani likamjia, na uso wake ukabadilika. "Vitabu vyangu viwili vimo kwenye begi lako. Nilikuomba uvibebe tangu mji wa nne."

"Vitatu," alisema Nesi.

Bi Turubai alisubiri kanuni isomwe. Alikuwa ameshaanza kulipanga rohoni: uwanja wa ndege, mume wake mlangoni akijitahidi asiulize, kufuli la karakana likiwa limeanza kutu.

"Ile karatasi," alisema Mkutubi, "niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na magoti mawili mazima. Niliandika *watatu*. Sikuandika mbio." Alilitoa daftari la ratiba, akaifungua kalamu kwa meno. "Tumelala miji kumi na saba katika siku tisini. Ule wa juzi, mniulize rangi ya nyumba zake. Siijui. Najua saa ya basi tu." Akachora mstari juu ya mji wa kumi na nane. Ulimchoma, ilionekana katika namna alivyoibonyeza kalamu. Huo ndio mji aliousoma tangu akiwa mkutubi mdogo, akauandikia kadi sita. Akachora mwingine.

"Acha," alisema Nesi. "Sitaki huruma. Sitaki kubebewa mzigo kama bibi harusi."

"Nani atakubebea?" alisema Bi Turubai. "Utabeba kilo nne zako. Mkutubi atabeba vitabu vyake. Tukikaa mahali mwezi mmoja au miwili, nguo utazifua badala ya kuzibeba."

"Na nikishindwa hata hizo nne?"

Mkutubi ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, "Basi utasema. Siku hiyo hiyo. Si kwa mafua."

Nesi alitazama nguo zilizokuwa zikidondosha maji kwenye meza. "Nitasema."

"Apa."

"Mtu mzima haapishwi. Nimesema nitasema."

Mkutubi aliridhika, au aliamua kuridhika. Alikitafuta kiatu chake, akashuka kumwuliza mwenye nyumba kama chumba kile kingekuwa wazi hadi mwisho wa mwezi ujao. Alishuka ngazi akinung'unika kuhusu goti lake.

Bi Turubai alifungua kopo la vifaa, akatoa tepu.

"Simama wima," alimwambia.

Nesi alisimama, akanyoosha shingo, akainua kidevu kama askari.

"Si hivyo. Wima wako."

Polepole Nesi aliliachia bega. La kushoto likashuka, nyonga ya kulia ikatoka nje kidogo kulifuata, na pumzi ndefu ikamtoka, pumzi ya mtu anayetua kitu. "Wima wangu ndio huu," alisema.

Fundi alipima kutoka kifupa cha shingo hadi nyonga ya kulia, akaandika. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja yeyote, akapima tena upande wa kushoto, akaandika nambari ya pili chini ya ile ya kwanza.

Chini, sauti ya Mkutubi ilikuwa inapanda ngazi kabla yake. "Chumba kipo," alisema akihema mlangoni. "Lakini huku juu maji hayafiki asubuhi."

"Tutaoga jioni," alisema Nesi, mikono yake ikiwa bado imening'inia, asitikisike ili asiharibu kipimo.