Koti Jeupe Nililonunua Toi

Mtoto wa jirani yangu ni kiziwi, na mimi ndiye niliyemziba masikio. Sikutumia kijiti wala sumu. Nilitumia ulimi.

Usinihurumie! Nisikilize kwanza.

Miaka hiyo ya tisini, hospitali moja kubwa ya kufundishia madaktari ilishirikiana na chuo cha ng'ambo. Chuo kilileta wanafunzi, hospitali ikatoa gari na kibali, na sisi wa mtaa wa Kambi Muru tukatoa watoto. Walikuwa wakitafiti minyoo. Minyoo tu! Mtoto angekuja na mguu uliovunjika, wangempa kikopo cha kutilia choo.

Walinichukua niwe mkalimani kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kichwa kikavimba! Nilikimbia Soko la Toi nikanunua koti jeupe la mitumba, refu hadi magotini, lina jina la Mzungu fulani limetariziwa mfukoni. Wiki haikuisha kina mama wakaanza kuniita Sista. Nami nikaitika, mtu ambaye sijawahi kufunga hata kidonda!

Asubuhi moja akaja Mama Ouma, ambaye chumba chake na changu vilitenganishwa na bati moja. Alikuwa amembeba mwanawe Ouma, angali mdogo. Mtoto anachemka, sikio linatoa usaha.

“Sista, muulize daktari hii kitu inatoka kwa sikio ni nini. Hatulali.”

“Daktari” mwenyewe alikuwa mwanafunzi, pua imebabuka kwa jua. Alichungulia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba sikio halimo katika utafiti wao, ila mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kisha akaomba kikopo.

Nilitafsiri nini? Nilijua nikisema ukweli, foleni nzima itagundua kwamba hapa hakuna matibabu, iondoke. Bila foleni, mimi ni nani?

“Daktari amemwona,” nikasema. “Litakauka lenyewe. Mfunike vizuri.”

“Uko sure, Sista?”

“Mama Ouma, kati yangu na wewe nani amevaa koti?”

Foleni ikacheka. Naye akacheka, akaenda zake.

Siku chache baadaye mtoto alishikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali kwa mkokoteni. Alibaki hai, masikio hayakubaki. Wanafunzi walirudi kwao na minyoo yetu, na majibu hatukuletewa hata siku moja. Wasomi hao! Lakini kwa sikio la Ouma, walisema neno la kweli, nikalimeza mimi.

Mama Ouma hajui. Kila akiwataja huwalaani. “Wale watoto wa Wazungu walimwangalia mwanangu kama kuku!” Nami, mnafiki mkubwa, huitikia, “Walaaniwe!”

Wewe uliyepewa beji na watafiti mtaani kwako, sema kila neno, hasa lile litakalokunyima kazi. Na wewe mama, ukiona makoti, uliza bila haya: mmekuja kututibu au kutusoma? Usimuulize mkalimani peke yake. Mtazame usoni na yule anayetafsiriwa.

Sasa kikundi kingine cha watafiti kimefika mtaa wa Kawangware, upande wa Kabiro. Jana walinitumia mtu, wanataka mkalimani. Nikauliza ni nani aliyewapa jina langu.

Ni Mama Ouma, aliyekutana nao huko. Amewaambia hakuna mtu anayemwamini zaidi yangu, nao wanangoja jibu.