Kucha za Mjomba

Mwanafunzi wangu hapa Mutsamudu amepaka kucha zake mafuta ya maua ya langilangi, na harufu imejaa chumbani. Ndivyo alivyofanya mjomba aliyenifundisha gitaa la klasiki kule Badjanani, Moroni. Kucha zake za mkono wa kulia zilikuwa ndefu, maana bila kucha hizo, nyuzi hazilii vizuri.

Ijumaa moja, enzi zile mamluki wa Kizungu walipoushika mji, mmoja wao mwenye bunduki alitukuta tukifanya mazoezi.

"Jioni utatupigia kambini."

"Nioge kwanza," Mjomba alijibu. Akaingia ndani, akarudi na mkasi, kucha zote keshazikata. "Leo Ijumaa, bwana. Sisi Waislamu hukata kucha."

Mamluki akavitazama vidole vyake, kisha vyangu, vilivyokuwa bado juu ya nyuzi.

"Basi atakuja mtoto."

"Hata yeye ni Mwislamu," Mjomba akasema, akaushika mkono wangu. Mkasi ulikuwa wa baridi. Akaanza na ukucha wa kidole gumba.