Kibofu cha Meneja

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka thelathini na mmoja aliketi nyuma ya cherehani ileile akiwashonea suti mahakimu na mabwana harusi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Chini ya meza yake ya kukatia alilala mbwa jike wa rangi ya chai, aliyeitwa Meneja kwa sababu alishinda pale akitazama wengine wakifanya kazi.

Ugonjwa ulianza kwa matone. Meneja alitoka nje, akachuchumaa, akatoa tone, akasogea hatua mbili, akachuchumaa tena. Kisha akaanza kukojoa dukani, na kila akimaliza anajificha nyuma ya majora ya vitambaa kwa aibu. Daktari wa mifugo, mwanamama aliyezoea zaidi ng'ombe, akatoa vidonge vya wiki mbili. Akapona. Mwezi wa pili ugonjwa ukarudi. Vidonge tena, akapona tena. Mara ya tatu mkojo ulikuwa na damu.

"Vile vidonge vya mwisho alivimaliza?" daktari aliuliza.

"Alipona siku ya nne."

"Sikuuliza alipona lini, mzee wangu."

Fundi akatazama viatu vyake. "Vilibaki."

"Vilibaki vyenyewe?"

"Nilivibakiza mimi."

Akaambiwa alete mkojo wa asubuhi. Kesho yake watu waliokwenda kazini walimkuta barabarani, tai shingoni, ameinama nyuma ya mbwa na upawa mkononi. Kila Meneja alipochuchumaa, fundi alinyoosha upawa; kila alipounyoosha, Meneja aligeuka kuutazama. Mwalimu mkuu, aliyekuja kujaribu suruali yake, akasimama.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nachukua vipimo."

Mwalimu mkuu akawaza kidogo, akasema atapita jioni.

"Huo ni upawa wangu wa mchuzi," mke wa fundi alisema mumewe aliporudi.

"Nitauosha."

"Uoshe mpaka lini? Mwachie mbwa, mimi ninunulie mwingine."

Vipimo na picha vilionyesha jiwe kwenye kibofu, kubwa kama harage. Hilo ndilo lililokuwa likirudisha ugonjwa. Hata vidonge vingemalizwa vyote, visingetosha. Fundi aliposikia hivyo alipata nafuu moyoni, kisha akajionea haya.

Siku ya upasuaji alifunga duka, jambo alilofanya mara ya mwisho alipomzika mama yake. Aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, mikono magotini. Mkewe akatokea bila kuitwa.

"Si ulisema ni mbwa tu?" fundi akauliza.

"Ndiyo. Sogea nikae."

Baada ya saa moja na nusu wakaitwa ndani. Meneja alikuwa hai, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Fundi akamshika kichwa, kisha akavaa miwani na kukagua mshono.

"Nani kashona?"

"Mimi," alisema daktari.

"Hapa mwisho umebana."

"Hiyo ni ngozi, mzee wangu, si koti."

"Utashika lakini," fundi akakubali.

Safari hii vidonge viliisha vyote, na cha mwisho alimpa Meneja mbele ya mkewe, awe shahidi. Wiki ya tatu, mchana, Meneja alitoka, akachuchumaa mara moja tu kando ya nguzo ya umeme. Fundi alisimama mlangoni, futi kamba shingoni, mpaka mkojo wote ukaisha.

"Vipi?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Mrefu," alijibu fundi, akarudi kwenye cherehani.