Mke wangu kamripoti mdogo wake mwenyewe

Kamwene jamani! Leo mke wangu kamripoti serikalini mdogo wake wa tumbo moja.

Shemeji Festo alikuja na mkataba wa kutujengea ghorofa hapa Iringa. Wajukuu walale juu, sisi wazee chini.

Mimi nilishashika kalamu. Shemeji unamkaguaje?

Mke wangu, Mama Neema, akasema, "Lete kwanza namba yako ya usajili wa ukandarasi." Akaiingiza kwenye simu.

Jina likatokea. La mama mmoja wa Mbeya.

"Dada, mtandao unakosea," shemeji akajitetea.

"Mpaka jinsia, Festo?"

Nilijua kwa udugu wa damu atamfichia siri. Thubutu! Kapiga simu ofisi ya usajili palepale, Festo yupo mbele yake anatoa macho.

"Ndiyo, ni mdogo wangu. Nyumba za kawaida anajenga vizuri tu. Ghorofa hana kibali, atatuulia wajukuu."

Kisha akapakua kuku. Firigisi, ambayo humu ndani ni yangu tangu nioe, akampa Festo.

"Kula baba. Kesho wanakutaka ofisini, nitakupeleka mwenyewe."

Na akala!

Mimi nimeambulia shingo. Hebu nihukumieni, mkosaji hapa alikuwa nani?