Hema Chini ya Tao

Wanawake wote wa Ennedi, kule milima ya jangwani, huhama na mbuzi wao, lakini Mardiye alikataa katakata. Mwanawe wa pekee, Togoi, alipokwenda kuchimba dhahabu kaskazini alimwambia, "Mama, nitakukuta hapa hapa chini ya tao." Basi akabaki na hema lake la mikeka, miaka ikaenda, wakamcheka wee mpaka wakachoka.

Tao lenyewe halikujengwa na mtu. Enzi za watu wa kale waliochora ng'ombe mwambani, nchi hii ilikuwa na maji, na mwamba ulikuwa ukuta mzima. Maji yakaula chini, upepo ukamalizia, chembe kwa chembe, hata mbingu ikaonekana upande wa pili. Na hadi leo halijatulia: mvua ikinyesha, halafu jua likachoma, humeguka.

Mwaka huu lilidondoka bamba kubwa kama ngamia aliyelala, likaua mbuzi. Barkai, mtoto wa kaka yake, akamjia juu: "Shangazi, unamngoja Togoi au unamngoja Izraili?" Mardiye akalia, akaling'oa hema, wakahamia nyuma ya mlima. Kila baada ya siku chache alirudi kuchungulia.

Masikini, siku moja, akiwa na Barkai, akakuta nyayo. Kule mtu hujulikana kwa unyayo kama kwa uso. Viatu vilishuka kwenye lori, vikaja mbio, vikasimama ghafla penye mawe matupu yaliyokuwa yakishikilia hema. Mbele kidogo vimevuliwa, na mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Ni Togoi, aliyeungua kidole hicho utotoni. Nyayo zilizozama zilionyesha alisimama pale kwa muda mrefu, ameelekea kibla.

Kwao hema la marehemu hung'olewa, na mahali pale pakaachwa. Na huyu mama hakuwa mtu wa kuhama akiwa hai.

"Labda alisali adhuhuri tu, shangazi," Barkai akasema.

"Magoti yako wapi? Paji la uso liko wapi?" Mchanga ulikuwa laini, hauna alama nyingine. "Sala isiyo na sijda ni moja, Barkai. Mwanangu amenisalia jeneza."

Barkai alipanda ngamia akafuata alama za magurudumu ya lori mpaka kwenye changarawe, zikapotea. Aliporudi, Mardiye alikuwa amelisimamisha hema peke yake, palepale pa zamani, chini ya tao. Barkai akamwambia kwa upole kwamba Togoi hatakuja tena.

"Najua," akasema. "Nani humrudia maiti?"

Akaendelea kukaza kamba.